Spika za Sebuleni na Masikio ya Babu

Huenda ukanicheka nikikuambia kwamba babu yangu alikosa mazishi ya rafiki yake wa ujana kwa sababu ya spika. Cheka tu, lakini hayo ndiyo yaliyotokea nyumbani kwetu Kayole mwaka jana, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Babu alikuwa amekuja kutoka Kakamega ili atibiwe goti. Mchana kutwa alikaa kwenye kochi la pembeni akisikiliza redio kupitia kwa wufa yetu, maana baba ameunganisha redio, televisheni na simu, vyote kwa wufa hiyo moja. Jumamosi moja jioni yakasomwa matangazo ya vifo. Babu akasikia jina la rafiki yake, mtu waliyepashwa tohara naye mwaka mmoja. Akasikia na siku ya mazishi: Jumatano. Mama, ambaye alikuwa jikoni na hakusikia lolote, akaanza kutafuta nauli ya basi la Jumanne usiku. Jumanne asubuhi shangazi akapiga simu kuuliza mbona Babu hakuonekana jana. Kumbe mtangazaji alisema Jumatatu!

Babu hakuzungumza siku hiyo. Jioni aliniita akaniambia tu, "Mjukuu wangu, haya masikio yangu sasa ni mapambo."

Baba naye akakata shauri kwamba wufa yetu ni ndogo mno kwa mzee. Alikuwa na shilingi 14,000 alizoweka kidogo kidogo, akasema zote zitaenda kununua spika kubwa. Mimi nilikuwa na shaka. Babu akilalamika kwamba wasomaji wa habari wanakula maneno, sisi huongeza sauti, na tukiongeza, yeye husema sasa ni vibaya zaidi, na jirani hupiga ukuta kwa kiatu. Kama tatizo ni udogo wa sauti, mbona ikiongezwa haimsaidii?

Kabla sijaendelea nieleze wufa ni nini, kwa kuwa baadhi ya walimu wetu wanaijua kwa makelele yake tu. Ni kisanduku kikubwa cha besi ambacho ndani yake mna amplifaya, pamoja na spika mbili ndogo zinazounganishwa nacho kwa waya. Kisanduku hutoa sauti nzito, spika ndogo hutoa sauti nyembamba. Spika yenyewe ni kiwambo cha karatasi au plastiki kilichogundishwa kwenye koili ya waya, na koili hiyo imekaa ndani ya sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, koili inavutwa na kusukumwa, na kiwambo kinatikisa hewa. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na spika nyingi za leo bado ni wajukuu wa ile yao. Sasa, besi inataka kiwambo kipana cha kusukuma hewa nyingi polepole, na sauti nyembamba inataka kiwambo kidogo chepesi kinachoweza kutetemeka mara elfu kumi kwa sekunde. Ng'ombe hawezi kulia kama mbu, wala mbu kama ng'ombe. Ndiyo maana wanagawana kazi.

Basi Jumamosi iliyofuata baba alinichukua tukaenda Barabara ya Luthuli, mjini. Anayeijua Luthuli anajua mambo yake: kila duka limetoa spika nje, kila spika inaimba wimbo wake, na mtu akikusemesha unasoma midomo. Muuzaji mmoja akatuonyesha wufa yenye taa za rangi rangi, kubwa kama meza ya mwalimu.

"Mzee, hii ni wati elfu kumi na mbili," akasema. "Hata aliyezikwa atasikia!"

Baba hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Niliinama nyuma ya ile mashine nikasoma kibamba chake. Volti 240, wati 60. Nikasimama nikijaribu kuficha furaha yangu. Wati zilizoandikwa hapo nyuma ni zile ambazo mashine inavuta kutoka kwa stima. Sasa niambie wewe uliyesoma Fizikia, kitu kinachokula wati 60 kitatapika vipi wati 12,000? Piga hesabu: wati 12,000 ukigawa kwa volti 240 unapata ampea 50, na fyuzi ya plagi zetu kubwa kabisa ni ampea 13. Wufa hiyo ingekuwa ya kweli, fyuzi ingekatika kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Tarakimu hizo kubwa za kwenye katoni, aghalabu zikifuatwa na herufi PMPO, ni za kumvutia mnunuzi. Utafute herufi RMS, ndizo zinazoeleza wati ambazo mashine inaweza kutoa kwa mfululizo bila kuzimia. Usipoziona, soma kibamba cha nyuma na ujue kwamba zinazofika kwenye spika ni chini ya hapo.

Halafu kuna jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe nilipolisoma. Ukiongeza wati mara mbili, sauti haiwi kubwa mara mbili. Inaongezeka desibeli 3 tu, ambazo sikio linazitambua, lakini si ajabu kubwa. Ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili", unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hivyo anayetoka wati 30 kwenda wati 60 ameongeza bei zaidi ya alivyoongeza sauti. Kilicho muhimu zaidi ni ile tarakimu ndogo ambayo hakuna anayeiangalia: spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati moja na kupimwa kutoka mita moja. Spika ya desibeli 89 inafanya kwa wati 10 kazi ambayo ya desibeli 86 inafanya kwa wati 20.

Nilimweleza baba hayo yote pale pale. Muuzaji akaniuliza, "Kijana, wewe ni mnunuzi ama ni mkaguzi?" Baba akaona haya. Tulirudi nyumbani kwenye matatu bila kusemezana, na pesa mfukoni.

Ukienda kununua usifanye kama sisi, tulienda mikono mitupu. Beba sauti unayoijua kwenye simu yako, na isiwe muziki peke yake. Muziki unadanganya, maana besi inakutekenya tumbo unasahau kusikiliza. Beba sauti ya mtu anayesema. Mimi baadaye nilimrekodi mama akisoma orodha ya maneno, nitakuambia maneno gani. Mwombe muuzaji azime spika zingine, ashushe besi, na aweke sauti ya kadiri, kiasi cha watu wawili wanaozungumza. Spika mbaya ikipigwa kwa nguvu inajificha, ikipigwa polepole inajitoboa. Gonga kisanduku kwa kidole: kikilia kama debe tupu, kitalia hivyo hivyo kila besi ikipiga. Na kama unaongeza spika kwa amplifaya uliyo nayo, angalia omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, za omu 4 zinakuwa 2, na amplifaya isiyoruhusu omu 2 inachemka. Binamu yangu alining'iniza spika nne kwenye amplifaya moja ili mtaa mzima umtambue. Mtaa ulimtambua kwa moshi.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikijiuliza: kwa nini Jumatatu ikawa Jumatano? Hapa ndipo nataka wanachama wa Chama cha Kiswahili wanisikilize vizuri, maana hili ni somo letu.

Tamka polepole: paa, faa, saa, taa, kaa, vaa, zaa. Maneno saba, na vokali ni zile zile. Kinachoyatenganisha ni konsonanti moja tu mwanzoni, tena konsonanti ambayo haichukui hata robo ya sekunde. Vokali ndizo zenye nguvu, ndizo zinazobeba ukubwa wa sauti, na nguvu zake nyingi ziko chini, kwenye sauti nzito. Lakini s, f, t, k na sh ni pumzi na mlipuko mdogo wa hewa. Nguvu zake ziko juu, kwenye mitetemo kama 2,000 hadi 8,000 kwa sekunde. Kwa hivyo mtu anaweza kusikia sauti kubwa sana na asijue kilichosemwa. Amesikia "aa", hakusikia kama ni saa au taa. Na huo ndio usemi wa babu kila siku: "Nasikia anaongea, lakini sijui anasema nini." Tulidhani ni maneno ya uzee. Kumbe ni Fizikia tupu.

Umri ukisonga, sikio la binadamu hupoteza kwanza hizo sauti za juu. Babu ana miaka 78, na hatuwezi kumrudishia masikio ya kijana. Tena sauti nzito ikizidi huzifunika zile nyembamba, kama mtu mnene anavyomziba mwembamba kwenye foleni. Ukichukua sikio lililopungukiwa na sauti za juu, ukalijaza besi, umelifunga kwa mikono yako. Tatu na tano: kilichobaki ni "ta" la mwanzo na ngurumo ya mwisho. Mzee wa watu alikisia, na akakisia vibaya.

Sasa twende sebuleni. Nichorolee kwa maneno ilivyokuwa. Sebule yetu ni ya kupanga, futi 10 kwa futi 10, ukuta wa mawe, sakafu ya simiti, mabati juu. Wufa ilikuwa sakafuni pembeni kabisa, nyuma ya kochi la babu, kwa kuwa soketi iko hapo. Spika ndogo ya kwanza ilikuwa juu ya kabati karibu na dari, imelala chali. Ya pili ilikuwa nyuma ya televisheni ili waya usionekane. Mama hapendi waya. Hakuna hata moja iliyomtazama babu. Nikaona kana kwamba tuliketi siku moja tukapanga jinsi ya kumnyima maneno na kumpa ngurumo.

Sauti nyembamba husafiri kama mwanga wa tochi. Spika ikitazama dari, dari ndiyo inayosikia konsonanti. Sauti nzito husambaa kila upande, na ikikuta ukuta inarudi na kujumlika na nyenzake. Weka wufa katikati ya sakafu, besi ni ya kadiri. Isogeze ukutani, inaongezeka. Isukume kwenye pembe, ambapo kuta mbili na sakafu zinakutana, inaongezeka zaidi bila wewe kugusa kitufe chochote. Pembe ni kama mdomo wa tarumbeta. Wenye kupenda ngurumo hufurahi hapo, lakini kwa maneno ni hasara.

Na chumba chenyewe kina wimbo wake. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Futi 10 ni kama mita 3.05. Wimbi ambalo nusu yake inaingia sawasawa kati ya kuta mbili hurudi na kurudi likijijenga: 340 ukigawa kwa mara mbili ya 3.05 unapata mitetemo 56 kwa sekunde. Baada ya hiyo inafuata mara mbili yake, 112, na hapo ndipo sauti za wanaume wengi zinapokaa wanapozungumza. Ubaya wa chumba cha mraba kama chetu ni kwamba urefu na upana vinaimba noti ile ile, vinasaidiana. Chumba cha futi 10 kwa 13 kingegawanya mzigo huo. Lakini nani anachagua nyumba ya kupanga kwa ajili ya mawimbi?

Jambo lililonigutusha ni hili. Mawimbi hayo hayako sawa kila mahali chumbani. Yanafika kilele kwenye kuta, na pembeni zaidi. Katikati ya chumba lile la 56 linafifia kabisa. Mimi, mdogo wa nyumba, hukaa kwenye stuli katikati. Babu, mwenye heshima yake, amepewa kochi zuri la pembeni. Kwa hiyo kila niliposema "Babu, mbona inasikika vizuri?" nilikuwa nasema kweli, na yeye akisema ni ngurumo tupu alikuwa anasema kweli pia. Tulikuwa chumba kimoja tukisikiliza redio mbili. Nilipogundua hivyo nilikumbuka mara ngapi nimemjibu kwa kiburi, nikaona aibu.

Jumapili baada ya kanisa nikaanza kazi. Kuna mbinu moja ya kutafuta mahali pa wufa ambayo ni ya kuchekesha lakini inafaa. Unaweka wufa pale msikilizaji anapokaa, yaani niliipandisha juu ya kochi la babu, nikaweka wimbo wenye besi iliyo sawa, halafu nikatambaa kwa magoti kuzunguka chumba, kichwa chini, nikisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika safi, si kubwa mno wala haijapotea, ndipo utakapoiweka wufa, kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa hadi pale ni ile ile ya kutoka pale hadi hapa. Mama akaingia akanikuta chini ya meza.

"Umepoteza nini?"

"Natafuta besi, mama."

Akanitazama, akatoka. Mtoto wa jirani akaingia akaanza kutambaa nami, akidhani ni mchezo.

Nilipata mahali pazuri kando ya televisheni, kama futi tatu na nusu kutoka pembeni. Nikavuta kochi la babu likaachana na ukuta futi moja na nusu hivi. Hilo peke yake, bila senti moja, lilipunguza ngurumo kiasi kwamba baba, ambaye bado alikuwa amenuna, aliinua macho kwenye gazeti.

Spika ndogo zikawa zamu yake. Kiwambo cha sauti nyembamba kinapaswa kuwa usawa wa sikio la aliyeketi. Nilimpima babu kwa rula ya fundi, futi tatu na nusu. Seremala wa jua kali alitutengenezea vigoda viwili virefu kwa shilingi 1,200. Nikaziweka spika mbele yake, futi tano kutoka moja hadi nyingine, na futi tano kutoka kila moja hadi kochini, pembetatu yenye pande sawa, zote zikimtazama. Zamani ile ya kabatini ilikuwa kama futi kumi kutoka kwake. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka kwenye spika moja kwa moja hadi sikioni inaongezeka desibeli 6. Hizo ni sawa na kuongeza wati mara nne! Baba alitaka kulipa shilingi 14,000 kwa kitu ambacho kilipatikana kwa kusogeza spika futi tano.

Kwa nini spika mbili na si moja? Inasimuliwa kwamba mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, alikuwa sinema akaona mwigizaji akitembea upande mmoja huku sauti yake ikitoka upande mwingine, akasema atalitafutia dawa. Mwaka 1931 aliomba haki ya uvumbuzi wa tunachoita sterio. Tuna masikio mawili, na spika mbili zikifanya kazi pamoja zinaifanya sauti ya msemaji isimame katikati, mbele yako, kana kwamba mtu ameketi pale.

Lakini kwetu haikusimama. Nilikaa kwenye kochi la babu, na sauti ya msomaji wa habari ikawa inaelea, haina kifua, mara iko kushoto mara iko nyuma ya kichwa. Nikarudia vipimo. Nikalaumu spika, nikalaumu mabati. Mwisho nikafuata waya kwa vidole, na hapo nikakutana na mkosaji: mimi mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeunga waya ya spika moja ili ifike juu ya kabati, na nilipounga nilibadilisha, chanya ikaenda kwa hasi. Kiwambo cha spika moja kikienda mbele, cha nyingine kilirudi nyuma, na moja ilikuwa inafuta kazi ya mwenzake. Mwaka mzima! Waya nyingi zina mstari au rangi upande mmoja ili usikosee, na mimi sikuangalia. Ukiwa na shaka kuhusu spika ya besi isiyo na alama, itoe kwenye amplifaya kwanza, kisha chukua jiwe la redio la volti 1.5 uguse ncha zake kwa nukta moja tu. Kiwambo kikiruka kwenda nje, ncha iliyogusa chanya ya jiwe ndiyo chanya ya spika. Twita, ile spika ndogo kabisa ya sauti nyembamba, usiijaribu hivyo, ni nyororo.

Nilipogeuza waya, msomaji wa habari aliingia sebuleni na kuketi katikati ya zile spika mbili. Sijui niseme vipi. Mama alitoka jikoni akauliza ni mgeni gani.

Mengine nitayapitia haraka. Simiti na mawe yanarudisha sauti nyembamba kama kioo, na mwangwi huo huchafua maneno, kwa hivyo tulitandika zulia kuukuu na mama akaning'iniza pazia zito la mitumba ukutani nyuma ya kochi. Pazia halizuii besi hata kidogo. Ndiyo sababu jirani hasikii wimbo wako, anasikia "dum, dum, dum" peke yake, nayo ndiyo inayomkosesha usingizi. Tuliondoa wufa kwenye ukuta wake na kuiwekea vipande vya raba ya tairi chini ili isitikise sakafu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 hapa Kenya zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana, lakini kiatu cha jirani kilitufunza kabla ya sheria. Mvua ikinyesha juu ya mabati, zima tu. Hakuna spika inayoshindana na mabati.

Na ikiwa nyumbani kwenu mna televisheni nyembamba isiyo na wufa, chungulia chini yake. Spika za nyingi kati ya hizo zinatazama chini au nyuma kwa sababu mbele pamejaa kioo. Zile za zamani zenye mgongo mkubwa mara nyingi zilikuwa na spika inayomtazama mtu usoni. Hata spika mbili ndogo za bei nafuu zikitazama kochi zitasomeka kuliko hizo zinazohutubia meza.

Jioni hiyo nilimketisha babu, nikamwomba afumbe macho, nikacheza ile sauti ya mama. Maneno yalikuwa siku zote za wiki, na saa na taa, na sita na tisa, na sitini na tisini. Sauti niliiweka chini ya tulivyozoea. Babu akawa anarudia kila neno kama mtoto wa nasari. Jumatatu. Jumatano. Alhamisi. Alikosa mara moja, sitini akaiita tisini, tukarudia akapata. Tulipofika Jumatatu mara ya pili alinyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Baadaye mama alimpeleka hospitalini akapimwa masikio vilevile, maana spika si dawa. Walikuta kweli sauti za juu zimepungua kama nilivyosoma, na wakamtoa nta nyingi kwenye sikio la kushoto. Kwa hivyo sisemi kwamba kila kitu kilikuwa chumba. Nusu kilikuwa chumba, sehemu yangu ikiwa ile waya.

Zile shilingi 14,000, ukitoa vigoda na waya mpya, zilimpeleka babu Kakamega na kumrudisha, akaenda kutoa pole kwa mjane na kuliona kaburi. Aliporudi aliketi kwenye kochi lake, saa moja ikafika, habari zikaanza. Baba akanyosha mkono kuchukua rimoti ili aongeze sauti kwa mazoea.

"Acha," babu akasema. "Namsikia. Huyu kijana amesema 'masaa mawili'. Ni saa, si masaa! Nani alimfunza huyu?"

Tangu siku hiyo hatusikii habari vizuri, kwa sababu babu anazisahihisha zikisomwa.